Shavu Ukutani

Nyumba yetu ya mtaa wa Cimpunda ni ya mbao, na mbao hazifichi kitu. Msimu ule wa mvua majirani wote walimsikia binti yangu akigonga. Ana miaka saba, hatembei, hasemi, mwili umekakamaa tangu azaliwe. Alikuwa anageukia ukuta na kupiga shavu kwenye ubao, polepole, kama mtu anayebisha hodi na kujua mwenye nyumba yumo. Kisha akaanza kusaga meno mchana kutwa, macho wazi, akitazama pembe isiyo na mtu. Na harufu! Nilifua mashuka, nikatafuta panya aliyekufa chini ya kitanda. Harufu ikabaki.

Mama mkwe akaniambia, "Sikia, mama, huyu mutoto haiko peke yake."

Akaleta wamama wa chumba cha sala, wale wanaoombea watu na kufukuza mapepo. Wakafunga mlango na dirisha, wakamwekea mikono. Mkubwa wao akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe uko ndani, jina lako nani?"

Mtoto akafungua kinywa. Harufu ikatujia usoni. Mmoja akarudi nyuma, akaangusha kiti.

"Mumeona? Imejibu!"

Kwa kitambo nilimwogopa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Ndipo wakasema asile kitu mpaka kile kitoke. Mtoto anayeishi kwa uji, asile! Hasira ikanipanda. Nikawasha tochi ya simu, nikamfungua taya. Nyuma kabisa, jino jeusi lenye shimo, ufizi umevimba, usaha unatoka.

"Shetani wenu huyu hapa," nikawaambia. "Mumuulize jina."

Nikamfunga mgongoni, tukapanda pikipiki hadi kwa daktari wa meno. Kijana. Alipomwona, hata glavu hakugusa.

"Maman, mutoto wa namna hii hawezi tulia ku kiti. Ataniuma. Umupeleke kule kwa walemavu."

"Kule wananyoosha miguu. Meno hawashughuliki nayo."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Jino lake halina ulemavu, dokta. Limeoza tu, kama lako linavyoweza kuoza."

Akatazama mlango. Nikapanda kiti mimi, na viatu vyangu vya matope, nikamlaza kifuani, nikabana miguu yake kwa yangu na kichwa chake kwa mikono miwili.

"Maman, shuka."

"Anza."

Akachoma sindano, akangoja ganzi, akavuta. Kila mvuto niliusikia mbavuni mwangu. Binti akaunguruma, halafu jino likatoka, taya likalegea, mwili wote ukalegea, ule mwili usiojua kulegea. Kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko kugonga kote. Nilidhani nimemwua. Kisha nikasikia pumzi yake shingoni, ndefu, ya joto. Alikuwa amelala.

Daktari akafunga jino katika pamba. "Sawa, maman. Shuka sasa, wengine wanangoja."

"Wangoje," nikamwambia.