Pompi ya jeep ilikuwa chini ya jiko yangu

Bonjour ku page. Ficheni jina yangu na ya batoto, mais maneno yangu muache vile iko. Niko mama wa myaka makumi tano na moja, tuko familia ya Baislamu, tunakaa Butembo. Na bale bako tayari kuniandikia "mama samehe tu", basome kwanza mupaka mwisho. Kusamehe ni rahisi kama kitu haikukufikia.

Bwana yangu wa kwanza alikuwaka transporteur, anabeba mizigo ku barabara ya Kasugho. Mwenye anaijua ile barabara wakati ya mvua anaelewa: kamio zinabakia mu matope, yeye anapita. Jeep yake aliitengenezaka yeye mwenyewe mu lupango yetu, ile kiwanja ya nyumba. Alitoa motere ya essence, ile petroli, akatia motere ya mazutu, ile dizeli, ya kamioneti yenye ilipinduka. Nyuma akaongeza resori, zile springi za kamio, juu gari ipande mawe. Pompi ya mazutu ikakataa kukaa mahali yake, donc alikata kipande ya resori ya zamani, akaitoboa tundu za kuifungia. Tundu moja ilienda upande, juu nilimuvuta mukono wakati anatoboa, bugali ilikuwa inapoa. Alinigombeza, kisha akacheka. Akasema sasa hii gari iko na alama yangu.

Rébellion ikafika. Basoda, njo maaskari, balikuwa banachukua kila gari yenye inatembea. Batu ba hapa tulikuwa na akili yetu: gari unaifungua yote, unaigawanya kwa ndugu. Magurudumu kwa shangazi, batri kwa jirani, viti chini ya kitanda ya mama yangu. Basoda bakifika banakuta shasi tupu, kuku zinataga ndani. Pompi, yenye bila yeye motere haiwaki, bwana yangu alimupatia mudogo wake wa tumbo moja. Hakukuwa mutu alimuamini kupita ule.

Mais kuna mutu alitusemea. Balikuja asubui, bakaona shasi, bakacheka, bakabeba bwana yangu. Komanda wao akaniambia nilete gari inatembea, nichukue bwana yangu. Nilianza kukimbia nyumba kwa nyumba. Ndugu bote balileta vitu, ikabakia pompi. Shemeji, ule mudogo wa bwana yangu, akanishika mikono, akaapa kwa jina ya Mungu kwamba basoda balishaingiaka kwake, bakaibeba pamoja na mufuko ya maharagi. Nikamuamini. Pompi ingine haikupatikana, barabara ya Kasindi kwenye vyuma vya magari vilikuwa vinapitia ilikuwa imefungwa.

Tulisukuma ile jeep na mikono mupaka ku kambi yao, upande wa Rughenda. Shemeji pia alikuwa anasukuma, machozi inamutoka. Komanda akasema tunamuchezea. Bakamupandisha bwana yangu mu kamio yao, akaniangalia. Mutoto wetu alikuwa ku mugongo yangu. Jeep basoda baliiacha palepale, haikuwa na faida kwao; tukaisukuma tena mupaka ku nyumba. Bwana yangu, mupaka leo sijaona hata shati yake.

Myaka ikapita, bazee na sheikh bakasema huyu amekufa. Nilikaa eda, kisha shemeji akanioa juu mutoto asikomalie inje ya familia. Nilihamia kwake, na jeep tukaisukuma huko. Sitadanganya: amekuwa bwana muzuri. Alisomesha mutoto kama wake, tulizaa bengine, hajanipigaka. Batu bakitaka kuuza ile jeep kama vyuma, yeye alikuwa anakataa. Mi nilikuwa naona ni mapendo ya kaka yake.

Mwezi yenye ilipita mutoto wangu, yeye sasa ni fundi wa magari, alibomoa jiko ya zamani juu tujenge ingine. Chini ya mafiga akakuta kitu imepakwa grese, imefungwa mu mupira ya ndani ya gurudumu. Akanikimbilia na furaha. Mi niliona tu kile kipande ya resori kimefungiwa ku pompi, na ile tundu yenye ilienda upande. Nikakaa chini mu majivu. Alizania ni furaha na miye, juu anajua babake alibebwa sababu ya gari, mais habari ya pompi sikumuelezeaka. Mama wee, myaka yote hii nilikuwa napika juu yake!

Nilingoja bwana atoke ku musikiti, nikaiweka mbele yake. Hakukana.

"Nilitaka gari ibakie," alisema. "Nilijua batamuachia tu. Banaachiaka batu. Kisha bao kumubeba na kamio, ningeanzia wapi kusema?"

Nikamuuliza kama wakati tulikuwa tunasukuma, alikuwa anajua iko wapi. Akainamisha kichwa.

"Usimuambie mutoto," akasema. "Mi njo baba mwenye anajua."

Mutoto ameshaifunga pompi ku motere, na jeep imewaka. Jirani balijaa mu lupango. Anasema baba mudogo alimuchungia kitu ya babake, akamubusu mikono mbele ya batu, na ule muzee akaacha abusiwe. Mi nilikuwa nasimama pale na sinia ya chai, roho inaniwaka, nataka kuitupa chini.

Sasa muke wa mutoto wangu amezaa, mutoto mwanaume. Ilikuwa aitwe jina ya babu yake mwenye basoda balibeba. Mutoto wangu amebadilisha. Anasema atamupatia jina ya baba mudogo, kumushukuru. Tunaenda Beni kwa familia juu ya sherehe ya kumupatia jina, na bwana yangu atakaa ku kiti ya mbele mu ile jeep. Sitanii, ameshanunua na kanzu mupya.

Leo mutoto wangu alipiga honi, akaniita nipande nyuma na katoto, ajaribie resori. Nilipanda. Ile motere inalia vilevile, na katoto kakalala ku kifua yangu. Kako na masikio ya babu yake, ule balibeba. Nikisema, mutoto wangu anabakia bila baba mara ya pili, na hii mara ni miye nimemunyanganya. Nikinyamaza, siku zote nitakuwa naita huyu mujukuu na ile jina.

Bamama, babaa, nishikeni mukono. Mbele ya familia bote batanigeukia, juu miye njo bibi, baniulize: huyu mutoto anaitwa nani? Nijibu nini?