Shikamoo Nikiwa Juu ya Viganja

Mgongo wangu uliharibikia mgodini Bulyanhulu, kwa kubeba viroba vya mawe, na dawa nikaifuata kwenye simu: yoga. Mikao mingine ilinikubali. Ule wa kunguru, wa kusimama kwa viganja huku magoti yameegemea mikono, ulinikataa. Mimi jambo likinikataa hufunga begi nikahamia mji mwingine. Hili, sijui kwa nini, nililing'ang'ania.

Mwaka jana nilitoka Chato nikarudi Shinyanga kwa shangazi, kwenye ua uleule niliouchezea utotoni. Kila asubuhi nilitandika mkeka, nikainama, nikaangukia pua. Mwanzoni kuku walikimbia. Baadaye wakaacha.

Tatizo lilikuwa bibi wa jirani, aliyekatiza uani kwetu na mbuzi wake. Siku moja alipita nimebana pumzi, sikumwamkia. Kabla sijakunja mkeka, habari zilishafika jikoni.

"Bibi anasema umerudi na kiburi," shangazi aliniwakia.

"Nilikuwa nakaribia kuinuka, shangazi."

"Kuinuka gani, kichwa kiko chini? Yule ndiye aliyenipokea nilipoolewa mtaa huu. Ukimnyamazia tena, utatafuta pa kulala."

Basi nikisikia mbuzi tu, naruka wima: "Shikamoo, bibi!" Adabu ikapona, kunguru akakosa nafasi. Wale mbuzi walijua kutokea pale tu nyayo zinapoanza kuwa nyepesi.

Hadi asubuhi moja nyayo zikaachana na mkeka. Kweli kabisa! Niliwaona sisimizi wakipita chini ya pua yangu, nikatamani hata wao washuhudie. Ndipo mbuzi wakalia. Kushuka nilikataa, baada ya miezi yote ile. Kulala nje nako sikutaka.

"Shikamoo, bibi," niliuambia mkeka.

Bibi akasimama kando ya mkeka: "Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Mgongo?"

"Afadhali."

"Huko Chato, dagaa wapo?"

"Wapo, bibi." Mikono ilitetemeka kama mashine ya kusaga.

"Na mke, umemwacha hukohuko?"

Niliangukia pua.

Bibi akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mwanangu, kijana wako heshima anayo! Mtafutieni mke tu, maana hilo ndilo limemwangusha."

Shangazi alitoka na mwiko mkononi, anacheka hadi machozi, akaniambia nikanawe uso, chai iko tayari.