Kikapu cha Kahawa

Ijumaa ile nilifundisha kidato cha pili tofauti ya visitor, guest na stranger. Kwa Kiswahili wote hao ni wageni, basi wanafunzi huandika lolote linalowajia. Nikawaeleza kwa mbwembwe: stranger humjui, visitor amekuja tu, hata kama ni mkaguzi wa shule, guest amekaribishwa, anatunzwa. Guest ndiye mwenye bahati, nikasema. Nikawapa zoezi waeleze kila neno wanavyolielewa.

Jumamosi nikamwacha mume wangu kule Isingiro. Sababu sizisemi, nimechoka kuzisema. Nilifunga nguo kwenye mabegi mawili, nikaenda kwa baba, kijijini Ndama, kuomba kukaa. Njiani sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino.

Nilipiga magoti nikamsalimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliyatazama mabegi, akayaacha palepale mlangoni. Siku zote nikifika naambiwa nishike kisu, nikamenye ndizi na mama. Safari hii nilikuwa naelekea jikoni, baba akanizuia.

"Kaa kwenye kiti. Mama yako atamenya."

Akaingia chumbani, akatoka na kikapu kidogo chenye mfuniko, kile cha kahawa ya kutafuna. Kikapu hicho hufunguliwa kwa wakwe, kwa padri, kwa watu wanaokuja na kuondoka. Sisi watoto wa nyumba tuliiba punje zake tukachapwa. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikachukua punje mbili.

"Nyumbani kwako hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Mama alisimama mlango wa jikoni na kisu chake, macho chini. Nikatafuna. Nilikuwa nimejibiwa kabla sijaomba. Mimi si mpole, nilipaswa kuwaka, lakini hasira haikuja, wala huzuni. Nilisikia uchungu wa kahawa tu.

Jumapili asubuhi baba alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mabegi yote mawili. Usiku huo nililala kwa mwalimu mwenzangu.

Jumatatu nikasahihisha madaftari. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hapati kitu, alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba guest ni mtu unayemtendea vizuri sana kwa sababu unajua ataondoka.

Sivyo nilivyofundisha. Nikamwekea alama ya vema, nikafunga daftari, nikaenda Rubwera kuulizia chumba cha kupanga.