Mechi ya mwisho ya kocha wetu, na vile niliwaita mabeki kwa majina ya ng'ombe

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni yule wa kusoma nyuzi zenu na kuondoka bila kusema kitu. Leo nimeamua kuandika wangu. Naandika polepole, tena kwa simu, kwa hivyo mnivumilie.

Hakuna mahali nimeongeza chumvi. Mwenye shaka aje Wamagana aulize mtu yeyote anayependa mpira. Atacheka kwanza, halafu atamwambia ni kweli.

Mimi ni golikipa wa timu yetu ya huku. Tunaitwa Mteremko FC, na ukiona uwanja wetu hutauliza kwa nini. Ukipiga mpira upande wa chini na hakuna mtu wa kuuzuia, unaenda kuuokota kwenye shamba la jirani la nepia, yale majani ya ng'ombe.

Kocha wetu alikuwa Kocha Idi, mtu wa Majengo pale Nyeri mjini. Kazi yake ni kushona nguo, hasa uniform za shule. Hata jezi zetu alizishona yeye mwenyewe.

Alipokuja kwetu mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Timu ilikuwa ya kuchekwa. Walimu wa shule yetu walikuwa wanaifunga wakiwa wamevaa viatu vya kanisa.

Miaka mingi baadaye tuko kwenye ligi ya miji yote ya mlimani. Timu kubwa zinakuja kwetu zikiogopa. Hiyo kazi yote ni ya mtu mmoja na cherehani yake.

Kitu kimoja tu hakuwahi kupata. Kombe la ligi. Tulikaribia, likaenda. Tukakaribia tena, likaenda tena.

Na mwaka huu akatuambia anaondoka. Binti yake ameolewa Nanyuki na amepata mapacha, na kuna timu ya huko imemwita kwa muda mrefu. Safari hii amekubali.

Siku alipotuambia hakuna mtu aliyepiga mpira. Tulikaa tu kwenye nyasi.

Captain wetu Muriithi, beki mkubwa kama mlango wa ghala, ndiye aliyesema, "Basi Kocha, hauendi mikono mitupu. Unaenda na kombe."

Kocha akamjibu, "Wewe kwanza jifunze kurusha throw."

Tukacheka, lakini kila mtu alikuwa ameshaamua.

Sasa lazima niwaeleze kitu kuhusu mimi, kwa sababu bila hicho hamtaelewa yaliyotokea kule Sagana.

Mimi siongei mbele ya watu. Si kiburi, ni vile niko. Watu wakiwa wengi sauti inakauka. Na nyinyi mnajua golikipa asiyeongea ni shida. Yeye ndiye anaona uwanja wote. Yeye ndiye anawaambia mabeki wasonge ama warudi.

Makocha wengine wangeniweka benchi. Kocha Idi hakufanya hivyo.

Milingoti ya goli letu ni mabomba ya chuma yaliyobaki wakati wa mradi wa maji. Siku moja akaniletea jiwe la mto, laini, linalotosha kwenye kiganja. Akasema, "Gonga chuma mara moja, mabeki wasonge mbele. Gonga mara mbili, warudi. Mdomo wako upumzike."

Ilifanya kazi ajabu. Nikigonga, ile sauti inaenda mpaka barabarani. Mabeki walizoea mpaka wakawa wanatii bila kugeuka. Timu za wageni zilikuwa zinadhani ni kengele ya kanisa. Marefa wengi walicheka tu wakaniacha.

Hilo jiwe naliweka kwenye soksi kila mechi. Mama amelifua mara nyingi bila kujua.

Turudi kwa mechi.

Mechi ya mwisho ya msimu, ambayo pia ni mechi ya mwisho ya Kocha, ilikuwa ugenini, kwa timu ya Sagana. Sisi tuko juu ya jedwali na wao wako nyuma yetu kidogo tu. Sare ilitutosha. Tukifungwa, kombe linabaki Sagana.

Tukafika. Uwanja tambarare kama meza. Nikaenda golini kupasha misuli, nikatoa jiwe, nikagonga mlingoti kujaribu.

Tup.

Nikagonga tena. Tup.

Kuangalia vizuri, ni mti wa bluegum uliopakwa rangi nyeupe! Kijana wa huko akaniambia wezi wa vyuma kuukuu walikuja wakang'oa ile ya zamani, wakaenda kuiuza. Goli la upande ule mwingine pia ni mti.

Wakuu, nikagonga na ule mlingoti wa pili. Tup.

Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Nagonga, hakuna anayesikia. Mashabiki wa Sagana walio nyuma ya goli wakaniona.

"Hee, kipa! Unabisha hodi kwa nani?"

"Mfungulieni mlango, ako na wageni!"

Mshambulizi wao, kijana mrefu mwembamba, akapita katikati ya Muriithi na beki wa kushoto, Kago. Kila mmoja alidhani mwenzake atarudi. Mimi nilikuwa nimeona tangu mapema. Nimegonga mara mbili. Tup, tup. Bao.

Half-time tuko nyuma moja bila.

Wenzangu walikuwa wanabishana. Muriithi anamlaumu Kago, Kago anamlaumu Muriithi. Mimi nilikaa kando nikiangalia jiwe langu.

Kocha akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakula ndizi.

"Kijana yangu, ng'ombe za baba yako unaziita na jiwe?"

Nikatingisha kichwa kwamba hapana.

"Unaziita na nini?"

Nikaligeuza jiwe kiganjani.

Akasema, "Wakati nilikuja kwenu kuomba baba yako akuachilie uchezee timu, nilisikia sauti inatoka huko bondeni. Nikajua ni crusade, wameweka loudspeaker. Nikauliza mama yako ni kanisa gani. Akaniambia, hapana, ni huyo kijana unayetafuta, anarudisha ng'ombe."

Wachezaji wote wakaacha kubishana. Wakaanza kucheka, hata mimi nikacheka kidogo.

Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Kocha, na mbona hukuniambia hiyo miaka yote?"

"Ulikuwa haujahitaji. Leo unahitaji." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo jiwe."

Nikampa. Akalitia mfukoni.

Tukarudi uwanjani. Nimesimama golini mikono mitupu. Najiambia, ita Muriithi. Ita Kago. Majina nayajua, ni watu nimekua nao. Lakini kila nikifungua mdomo naona macho ya watu wa Sagana, jina linarudi tumboni.

Halafu yule mrefu akaanza kukimbia tena kwenye lile pengo. Muriithi amempa mgongo, hamwoni.

Nikafunga macho nusu. Nikafikiria bonde letu jioni. Ikatoka yenyewe:

"KAREMBOOO! RUDI WEWE!"

Wakuu, Karembo ni ng'ombe wetu. Ni mkubwa, mwenye madoa, na mkaidi sana.

Uwanja wote ulinigeukia. Hata refa aligeuka. Lakini Muriithi ni jirani yetu, amesikia hiyo sauti kila jioni tangu utoto. Anajua Karembo ni nani na anajua huitwa hivyo akiwa ametoka mahali pake. Alirudi mbio bila kufikiria, akaufikia mpira kabla ya yule mrefu, akaupiga nje.

Ndipo akaniangalia. "Ati mimi ndio Karembo?"

Nikamwambia, "Chukua nafasi yako!" Na yeye akaichukua!

Kutoka hapo mdomo haukufunga. Kago akawa Njeru, kwa sababu ng'ombe wetu Njeru pia hupenda kutoroka upande wa kushoto. Beki wa kulia akapata jina la ndama. "Njeru, toka huko! Karembo, songa! Ndama, usilale!" Nikawa nawaswaga kama wako kwenye njia ya kwenda kunywa maji.

Wale mashabiki nyuma yangu walikuwa wameshikana kwa kicheko.

"Hii ni mpira ama ni kiwanda ya maziwa?"

"Refa, angalia kama hao wamedungwa chanjo!"

Sikujali. Kwanza sikuwa na nafasi ya kujali. Nilikuwa na kazi.

Karibu na mwisho tukapata kona. Kocha akamwashiria Muriithi apande. Mpira ukaja juu, Muriithi akaruka na lile lichwa lake, neti ikatingika. Sasa ni moja moja.

Nikapiga kelele, "KAREMBO WANGU!" Hiyo sikupanga.

Sagana wakaja wote. Wakapata free kick karibu na boksi letu. Mabeki wetu wamechoka, wamenirudia mpaka karibu na mstari wa goli, nao washambulizi wao wamejazana hapo hapo. Nikaona tukibaki hivyo tumekwisha. Nikangoja yule mpigaji aanze kukimbia.

"TOKENI ZOOOTE!"

Mabeki wakatoka pamoja kama geti limefunguliwa. Yule mrefu akabaki nyuma yao peke yake, akapokea mpira, akafunga vizuri sana, akakimbia akishangilia.

Kibendera kilikuwa juu. Ameotea.

Wakati filimbi ya mwisho ililia, nilimtafuta Kocha. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, kofia yake imefunika uso, mabega yanatingika. Hadi leo sijui kama alikuwa analia ama anacheka. Muriithi anasema ni yote mawili.

Kombe likapanda na sisi mpaka Wamagana.

Wiki iliyofuata tukamuaga pale pale uwanjani. Mbuzi alichinjwa na mzee aliyekuja na Kocha kutoka Majengo, ili Kocha, ambaye ni Mwislamu, ale na roho safi. Akina mama walipika chapati, na mama mwenye shamba la nepia akatangaza amesamehe mipira yote.

Halafu wakasema golikipa azungumze kwa niaba ya wachezaji.

Nikasimama. Sauti ikakauka vile vile kama zamani. Watu wakaanza, "Ita ng'ombe! Ita ng'ombe!" Nikakaa.

Kocha akasema, "Mwacheni. Huyo alishanipa speech yake Sagana."

Kabla ya kuondoka akasalimia kila mmoja wetu kwa mkono. Alipofika kwangu, nikahisi kitu baridi kwenye kiganja. Ni lile jiwe.

Akapanda boda iliyokuwa inarudisha mitungi mitupu ya chuma ya kubebea maziwa mjini. Mmoja ulikuwa umefungwa kando, kwa hivyo Kocha alikaa akiwa ameukumbatia kwa mkono.

Boda ikaanza kushuka. Watu wanapunga mikono. Na mimi nikaona maneno yangu yote niliyoshindwa kusema yanaenda na hiyo boda.

Nikakimbia mpaka golini. Nikagonga chuma mara mbili, kwa nguvu zangu zote.

Kila mtu pale alijua maana yake. Rudi.

Boda ikasimama. Kocha akashuka, akainama akaokota jiwe barabarani. Hakutuangalia. Akagonga ule mtungi.

Mara moja.

Akapanda, boda ikaondoka, ikapotea kwenye kona.

Muriithi alikuwa karibu yangu, anajifuta uso na jezi. Akasema, "Umesikia Kocha, tusonge mbele. Twende mazoezi." Tukafanya mazoezi na matumbo yamejaa mbuzi. Kago akatapika.

Wakuu, somo langu ni hili. Kocha mzuri anaweza kukutafutia njia ya kupita kando ya uoga wako, akakuacha uitumie miaka mingi bila kukucheka. Lakini wakati wote huo anakumbuka uko na sauti, hata wewe ukisahau.

Sasa nawauliza wenye haya kama mimi: sauti yako wewe hutokea wapi? Na ni nani aliwahi kuisikia kabla yako? Andikeni hapa chini, nitasoma yote. Kujibu nitajibu, ila polepole.

Na ukipita Wamagana Jumamosi ukasikia mtu anamwita Karembo kwa hasira, usishuke kusaidia kutafuta. Hajapotea. Yuko namba tano.