Ndani ya Simba wa Wachina

Siku ile ya sherehe ya Wachina tulikuwepo mimi, wadogo zangu pacha Kulwa na Doto, jirani yetu Mama Ngolo, na Wachina waliokuja kijijini kwetu, karibu na Misungwi, kuchimba kisima. Wazazi walikuwa wamekufa, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee pacha.

Nimeyakumbuka haya majuzi, binti wa Doto aliponitumia picha za sherehe ya Wachina chuoni kwao, Marekani. Simba wa kitambaa chekundu alikuwa akicheza.

Simba wa kwetu, siku ile, alinuka rangi na jasho. Ngoma zilidunda, vumbi likatimka, akaja akafumbua kinywa mbele ya Doto. Doto akachungulia, akaingia. Kinywa kikajifunga.

"Sabina, kamla mzimamzima!" Mama Ngolo alipiga kelele.

Kwetu, anachopata pacha mmoja lazima na mwenzake apate. Sikuwaza kingine. Nilimshika Kulwa mkono, tukajipenyeza kinywani, nikijua tunakufa wote.

Ndani tulikuta vijana wawili wameloa jasho. Wa nyuma alikuwa amembeba Doto, akimnywesha maji ya chupa yake. Akatupatia na sisi. Tuliyamaliza, tukakimbia bila kushukuru, naye akaendelea kucheza na koo kavu.

Basi majuzi nilimwambia binti wa Doto, "Wapelekee maji walio ndani ya simba."

"Shangazi, huku maji yapo tele!"

"Wewe wapelekee tu."

Alipeleka. Lakini yule kijana wa simba wa kwetu bado ananidai.