Mhesabu Ndege Aliyeandika Sifuri

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mhesabu ndege anasimama ukingoni mwa kinamasi, viatu vya mpira vimezama topeni. Anatega sikio. Hasikii kitu. Kando yake, mkewe anamgusa bega mara mbili, naye anachora vistari viwili daftarini.

Ndege anayehesabiwa hajazi kiganja: mgongo wa kahawia, tumbo rangi ya maziwa, mstari mweupe juu ya jicho. Huishi kwenye matete yaliyosongamana tu, akipenya humo kama panya, hivyo kumwona ni bahati. Huhesabiwa kwa sauti. Kukipambazuka, dume hupanda ncha ya tete na kutoa mlio mwembamba wa harakaharaka. Ndiyo maana huitwa cherehani.

Kazini walimpa mzee huyu jina la Masikio. Miaka ishirini na miwili alitofautisha dume na dume kwa mlio tu. Hakujua kuwa sauti nyembamba ndizo za kwanza kumtoroka mtu akizeeka. Maongezi anayasikia vizuri.

"Hata nikimsengenya chumba cha pili ananijibu," anasema mkewe. "Ningejuaje?"

Basi ndege waliponyamaza, aliamini wamekwisha. Misimu mitatu mfululizo akaandika sifuri. Ofisi ikakiondoa kinamasi kwenye orodha ya maeneo yanayolindwa, na tingatinga limeshafyeka nusu ya matete.

Ukweli aliupata mwezi uliopita, mkewe alipomletea kofia aliyoisahau.

"Baba watoto, wanakupigia kelele zote hizi, na wewe umesimama tu?"

Alidhani anataniwa. Alipomtazama usoni, akaona hatanii.

Ofisini mkubwa wake, kijana mpole, alimpa kiti na pole. Akamwonyesha karatasi tatu za sifuri. "Mzee wangu, sahihi ni zako zote."

"Wangekufa kwa ukame ningelia, yakaisha," anasema Masikio. "Hawa nimewamaliza kwa kalamu, nao wananiimbia usoni."

Jumatatu atapeleka hesabu mpya, pamoja na cheti cha daktari kuthibitisha kwamba hasikii milio hiyo. Bila cheti, hakuna atakayemwamini. Nacho kikishapokelewa, kazi hana.

"Wanifukuze," anasema, akifuta tope kwenye daftari. "Ila wasome kwanza."

Tingatinga nalo linarudi Jumatatu hiyohiyo, asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa.