Ubongo wa Mbuzi Katika Kinu cha Maman

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya labo yetu nzima, maabara ya kemia hapa Bukavu, nikatangaza kwamba nimegundua jambo jipya katika ubongo wa mbuzi. Nilikuwa nikichunguza umbo la glikolipidi, yaani mafuta yaliyobeba sukari. Kinu cha labo kilikuwa kimepasuka, basi nikaazima cha mbao cha maman, mama yangu, nyumbani, nikakiosha vizuri, nikapondea ubongo humo. Wiki tatu nilipima, nikaunganisha kipande kwa kipande, nikalipata umbo lote: sukari mbili za galaktosi, pale ambapo vitabu vya ubongo vinataja moja. Nikalichora ubaoni. Mchoro ule najivunia mpaka leo.

Profesa wetu, mzee mpole, aliufuatisha kwa kidole mpaka mwisho.

"Umechora muzuri sana," akasema. "Hakuna kosa hata moja. Lakini hii mafuta iko ya majani mabichi. Ubongo uliipondea mu nini?"

"Mu kinu ya maman, Papa Prof."

"Na maman anatwangaka majani gani mule?"

Labo nzima ikajibu kabla yangu: "Ya muhogo. Sombe!"